Mtandao Hauko Hewani: Shauri kwa Malenga na Waunda Istilahi

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha yetu,

Nasema bila kificho tangu mwanzo: tumezoea kuutungia mtandao wa kompyuta mashairi ya uongo. Si uongo wa fani, maana fani ina ruhusa yake. Ni uongo wa kutojua. Katika tungo nyingi za miaka hii ujumbe "unapaa hewani", "unaruka kama njiwa", au unabebwa na jini asiyeonekana. Hata jina tulilolipa waraka unaosafiri kwa njia hiyo, barua pepe, linanukia upepo. Mtunzi akishataja upepo huiweka kalamu chini, kana kwamba amekwisha kueleza jambo.

Hoja yangu ni moja. Kazi ya mtandao ni kazi ya mikono mingi inayopokezana mzigo, na ya pande mbili zilizoahidiana kuitikiana. Maneno ya kazi hiyo Kiswahili kinayo tangu zamani. Sisi tunaojiita walinzi wa maneno ndio tunaoyaacha kabatini, kisha tunalalamika kwamba sayansi haisemeki kwa lugha yetu.

Tuanze na hiyo hewa. Simu yako huzungumza na mnara kwa mawimbi, naam, lakini hiyo ni sehemu fupi ya safari. Kutoka mnarani data huingia katika nyaya, na zikielekea ng'ambo hushuka baharini. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi katika pwani yetu mwezi Julai 2009. Mwaka huohuo ukaja TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, wenye urefu wa takriban kilomita 10,000, kutoka Mtunzini nchini Afrika Kusini hadi Port Sudan. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti zilizo kimo cha takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mtu aliyesema "hewani" alikuwa na haki kwa kiasi fulani. Tangu mikongo ifike, sehemu kubwa ya maneno yetu hulala chini ya maji pamoja na matumbawe. Mababu wa mshairi wa pwani walitofautisha kusi na kaskazi, tanga na foromali, na hawakusema tu kwamba chombo "kinakwenda kwa hewa". Leo mjukuu wao ana bahari iliyojaa nyaya, naye anatazama mawinguni!

Hata hivyo kosa la hewa ni dogo. Kosa kubwa ni kudhani kwamba ujumbe husafiri mzima, kwa njia moja, na kwamba njia hiyo ndiyo mwaminifu.

Ujumbe hausafiri mzima. Hukatwa vipande, na kila kipande hupewa anwani ya kinakotoka na ya kinakokwenda. Katika mitandao mingi ya Ethernet kipande kimoja hakibebi zaidi ya baiti 1,500, na sehemu ya nafasi hiyo huliwa na anwani na maelezo mengine ya safari. Picha ya baiti milioni 3 itahitaji zaidi ya vipande 2,000. Vipande hivyo si lazima vifuate njia moja, wala si lazima vifike kwa mpangilio vilivyotoka.

Wazo hili lilizuka katika miaka ya 1960 kwa watu wawili ambao hawakuwa wakijuana. Paul Baran wa shirika la RAND nchini Marekani alitafuta mtandao ambao ungeendelea kuzungumza hata baada ya sehemu zake kuharibiwa vitani. Donald Davies, mtu wa Wales aliyefanya kazi katika maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza, alitafuta namna ya watumiaji wengi kushirikiana kompyuta bila mmoja kuishika njia peke yake. Baran aliviita vipande hivyo kwa jina refu la kihandisi. Davies alitaka neno fupi, na kabla ya kuliamua alimwendea mwanaisimu, ili apate neno litakalochukulika pia katika lugha nyingine. Ndipo likachaguliwa neno ambalo sisi leo tunaliita "pakiti", nalo kwa kweli limeingia kinywani mwetu bila shida.

Mhandisi alimwendea mtu wa lugha kabla ya kukipa jina chombo chake. Nauliza kwa uchungu: ni mara ngapi mtu wa lugha wa kwetu amemwendea mhandisi kabla ya kutoa istilahi?

Matunda ya kutokwenda huko tunayaona. Chukua kile chombo kinachopokea pakiti na kuisukuma mbele, ambacho mafundi wetu wanakiita ruta. Katika tafsiri zinazozunguka nimekutana na "kisambaza data" na "kipanga njia". Yote mawili yanapotosha. Kusambaza ni kutawanya kwa wengi, kama mpanda mbegu au mgawa magazeti. Ruta haifanyi hivyo: pakiti moja iliyoingia hutolewa kwa mlango mmoja, kwenda kwa jirani mmoja. Wala haipangi njia ya safari nzima. Husoma anwani ya kituo cha mwisho, hutazama jedwali lake, na kutafuta mstari unaolingana na anwani hiyo kwa karibu zaidi. Kisha humkabidhi jirani aliyetajwa katika mstari huo, na hapo kazi yake imekwisha. Kitakachotokea baada ya jirani hakijui.

Msafiri wa zamani angelielewa jambo hili papo hapo. Ukifika njia panda katika nchi ya ugeni ukamwuliza mwenyeji, hakuchorei ramani ya safari ya siku kumi. Atakuambia, "Shika hii hadi mtoni, kisha uliza." Mtu huyo hakusambazi wala hakupangii, anakuelekeza. Basi kama tunataka jina lenye mzizi wetu, mzizi ni elekeza, na "kielekezi" kitatufaa. Kama hatutaki, ruta inatosha, maana neno la kukopa linalosema kweli ni bora kuliko la asili linalodanganya.

Tena kielekezi hiki hakitoi dhamana yoyote. Pakiti zikiizidi foleni yake, huzitupa zisizoenea, na hakilazimiki kumwambia yeyote. Kila pakiti hubeba pia namba isiyozidi 255, na kila ruta inayoipitisha huipunguza kwa moja. Ikifika sifuri pakiti hutupwa, ili isizunguke milele pale njia zinapokosewa. Huo ndio mtandao wenyewe: njia isiyoahidi chochote ila kujitahidi.

Sasa uhakika unatoka wapi? Hapa ndipo penye kiini cha neno langu, na ndipo tungo za upepo zinapotuibia zaidi. Uhakika hauko njiani. Uko kwa walio miishoni. Mfaransa Louis Pouzin, katika mtandao wake wa CYCLADES wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliiacha njia ibebe vipande tu, na jukumu la kuhakikisha akaliweka kwa kompyuta zinazozungumza. Wamarekani Vint Cerf na Robert Kahn wakalijengea wazo hilo itifaki yao, waliyoichapisha mwaka 1974. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET ukahamia rasmi katika itifaki zilizotokana na kazi hiyo, TCP na IP, ambazo hadi leo ndizo msingi wa intaneti.

Itifaki! Tazameni jinsi neno hili lilivyotufaa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mapatano. Wenzi wawili hupatana kabla ya kusema. Wa kwanza hubisha hodi na kutaja namba atakayoanzia kuhesabu. Wa pili huitikia hodi hiyo na kutaja namba yake. Wa kwanza huitikia itikio. Baada ya hapo kila baiti ina namba yake, na mpokeaji hurudisha jibu la kusema, "Nimepokea mpaka hapa, nangoja inayofuata." Mtumaji hushika saa. Jibu lisiporudi kwa muda unaostahili, hatumi malalamiko. Hutuma tena kipande kilekile. Mpokeaji naye hupanga vipande kwa namba zake, na kilichofika mara mbili hukitupa kimoja.

Jibu hilo la mpokeaji tuliiteje? Wengine wananiambia halina jina kwa Kiswahili. Halina jina! Watu ambao kila wimbo wao una kiitikio, ambao mtoto wao akiitwa asipoitika huhesabiwa hana adabu, wanakosa jina la kuitika? Liitwe itikio, basi. Na ili nisionekane nasema tu, haya hapa yote katika ubeti mmoja wa tarbia:

Waraka umekatika, vipande vyahesabiwa,
Njiani vyatawanyika, kimoja chatupiliwa,
Mwenzi asipoitika, nakala ataletewa,
Ahadi hutimilika, kwa wito na kujibiwa.

Si ubeti wa kushindania tuzo, lakini hakuna humo upepo wala jini, na hakuna neno ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza hatalielewa.

Niutumie ubeti huohuo kwa somo jingine. Tuseme mnakili ameandika "Ahadi hutimika" mahali pa "hutimilika". Maana haikuvunjika sana, na msomaji wa nathari angepita bila kushtuka. Lakini mshairi atashtuka, maana kipande kina mizani saba badala ya nane. Mizani imemwambia kwamba kuna kilichopotea, ingawa haikumwambia ni nini. Hivyohivyo hufanya mtandao. Mtumaji hujumlisha namba zilizomo katika kipande na kuiandika jumla yake ndani ya biti 16. Mpokeaji hujumlisha upya. Jumla zikitofautiana, kipande kimeharibika njiani, hutupwa, itikio halirudi, na mtumaji hutuma tena. Kinga hii ina udhaifu uleule wa mizani. Mnakili akiandika "mito" mahali pa "wito", mizani haimfichui, maana hesabu ni ileile. Vivyo hivyo namba mbili zikibadilishana nafasi ndani ya kipande, jumla haibadiliki, na kwa hiyo mafundi huweka pia kinga nyingine kali zaidi katika tabaka za chini.

Waandishi wa miswada ya hati za Kiarabu nao walikuwa na desturi ya kuandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanganyika mpangaji ajue ipi inafuata ipi. Haja yao ndiyo haja ya namba za vipande. Sidai kwamba mababu waligundua intaneti. Dai la namna hiyo ni upuuzi. Ninachodai ni kwamba fikra za kuhesabu, kupanga, kuitika na kurudia si ngeni kwetu, na asiyeziona katika Kiswahili hakukitazama.

Kuna na jambo la adabu. Mwezi Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani, umbali wa mita mia nne hivi, mwendo wa data ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hakuna waya uliokatika. Kila mtumaji aliyekosa itikio alituma tena kwa nguvu ileile, njia ikazidi kujaa, vikapotea vingi zaidi, navyo vikatumwa tena. Van Jacobson, aliyelichunguza tatizo hilo na kuchapisha tiba yake mwaka 1988, alizifundisha kompyuta kwamba kipande kikipotea huenda njia imejaa, basi punguza mwendo kwanza, kisha uongeze kidogokidogo. Mamilioni ya wageni wasiojuana hupishana kwa sababu kila mmoja anajizuia. Nani kati yetu ameligusa jambo hilo katika shairi? Tumeshughulika na njiwa.

Atatokea wa kusema: "Mwalimu, haya yana faida gani? Mtumiaji anataka bando lake lifanye kazi tu." Faida yake nitaitaja kwa tarehe. Mwezi Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwamo. Kisha tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zikapata hitilafu kwa wakati mmoja upande wa kusini, na huduma ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Mitaani tulisema nini? "Mtandao umekata." Basi. Sentensi hiyo haina mtenda, haina mahali, wala haina swali ndani yake. Ni kauli ya mtu anayengoja upepo ubadilike.

Mwenye lugha ya kazi angesema vingine. Angesema: ruta zimepashana habari kwamba njia za kusini zimekufa, zikahamishia vipande katika njia zilizobaki, njia hizo ni finyu, foleni zimejaa, vipande vinatupwa, na miisho imepunguza mwendo. Baada ya kusema hivyo, maswali humjia bila kualikwa: Nchi yetu ina njia ngapi za kutokea? Ngapi kati ya hizo zinapita sakafu moja ya bahari? Nani aliamua hivyo? Wahandisi wamebuni mfumo unaoweza kuzunguka penye ubovu, lakini hauwezi kuzunguka kwa njia ambayo haikujengwa. Hilo ni swali la raia, na raia hawezi kuuliza asichokuwa na maneno yake.

Msidhani natia chumvi. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma wa Kenya walifungua jijini Nairobi kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili ujumbe wa mtu wa Nairobi kwa jirani yake usilazimike kupanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Takriban majuma mawili baadaye kituo kilifungwa kwa amri ya mdhibiti, kufuatia malalamiko ya aliyekuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Yalikuwa mabishano makubwa juu ya njia ya maneno yetu wenyewe, na ni wachache mno walioyafuata, maana yalisemwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Vijana wetu wa sekondari nao hukariri fasili za mambo haya kwa lugha hiyohiyo. Nimewasikiliza kwa miaka mingi wakizitamka bila kukwama, kisha wakashindwa kujibu swali jepesi: kipande kikipotea, nani anajua?

Mwingine atasema kwamba ufundi hauna nafasi katika ushairi. Mwulizeni Radia Perlman, mhandisi wa Marekani. Mwaka 1985 alipochapisha mbinu yake ya kuzuia data zisizunguke bila mwisho katika mtandao, muhtasari wa makala yake aliuandika kwa shairi, na shairi hilo linaeleza mbinu yenyewe. Mwaka 1989, ARPANET ilipotimiza miaka 20, waasisi wake, Cerf akiwamo, walitoa mkusanyiko wa mashairi ndani ya mfululizo uleule wa nyaraka zinazoeleza itifaki. Mafundi hawakuona haya kuja kwenye ushairi. Haya imebaki kwetu sisi tulioachiwa bahari zote za mashairi, tusitie humo hata ruta moja.

Basi nawaomba mambo mawili, na ninayaomba kwa ukali wa mzee asiyetafuta cheo. Waunda istilahi: kabla ya kutoa neno, kaeni siku moja na fundi, mwangalieni anavyofanya kazi, mwulizeni chombo kinafanya nini na hakifanyi nini, kisha ndipo mtafute mzizi. Malenga: wekeni njiwa pembeni. Yupo baharini waya mwembamba unaobeba salamu za mama wa Tanga kwa mwanawe aliye Maskati. Ipo ruta inayotupa na kunyamaza. Na wapo wenzi wawili, kila mmoja upande wake wa maji, wanaohesabu vipande na kungoja itikio. Atakayeutungia utenzi safari hiyo, kwa vituo vyake na kwa majina ya vyombo vyake, nitamsoma hadi ubeti wa mwisho, na pale mizani itakapopungua nitamwandikia arudie.

Wasalaam.